Fundi wa Sketi na Gitaa Jembamba

Mimi sina subira, nasema mapema ili tusije tukalaumiana. Mteja akiniletea kitambaa cha mita moja na nusu akitaka gauni la mita tatu, namwambia papo hapo achague moja, mikono au mgongo. Watu wananiita Mama Pindo. Kazi yangu ni kushona, sketi hasa, na huu ni mwaka wa thelathini na moja nikiwa kwenye kile chumba cha mbele cha nyumba yetu: cherehani mbili, meza ya kukatia, na kioo kirefu chenye ufa pembeni. Lakini Jumapili alasiri sishoni, hata uje na kitambaa cha harusi yako mwenyewe. Jumapili napiga gitaa.

Tuko wanne. Kwenye piano yuko Mwalimu, kiongozi wetu, aliyefundisha hesabu mpaka akastaafu, na hadi leo akituanzishia wimbo anahesabu kama anayesahihisha madaftari. Ngoma anapiga fundi bomba mmoja tunayemwita Kishindo, na kwa jina hilo hakuonewa. Besi ya kusimama, ile ndefu kuliko mtu, anapiga mume wangu. Tunapiga jazi kwenye mgahawa ulio chini ya jengo la maofisi, kuanzia saa tisa hadi saa kumi na moja. Wateja wanakunywa chai, wengine wanasikiliza, wengine wanasengenyana, na sisi hatumkatazi mtu.

Gitaa langu la zamani lilikuwa la jazi haswa. La mbao, ndani tupu, kifua chake kimebinuka badala ya kuwa bapa, na matundu mawili yaliyokatwa kama herufi f, moja huku na moja kule. Sauti yake nene, tamu, ya kushiba. Ubaya ulikuwa mwili. Ubavu wake ulikuwa na unene wa inchi tatu na nusu, na kulipakata ilikuwa kama kumpakata mtoto wa miaka sita aliyekataa kushuka. Ili mkono wa kulia uzifikie nyuzi ilibidi niupandishe juu ya ubavu ule kisha niushushe upande wa pili, bega limepanda karibu na sikio. Nilipokuwa na miaka arobaini sikuona tabu. Nilipofika hamsini na tano bega likaanza kunung'unika, na mwaka huu, nina hamsini na saba, likaanza kupiga kelele.

Nikaficha. Nilijua kabisa kwamba mficha maradhi kilio humfichua, methali hiyo nawaambia wengine kila siku, lakini mimi nikaona hainihusu. Nikawa nakanda bega kwa maji moto nikiwa nimefunga mlango, nikitoka nje nacheka. Basi Jumapili moja, katikati ya wimbo, mkono ukagoma. Haukuuma tu, uligoma. Ukashuka wenyewe pajani na kibao cha kupigia nyuzi kikaanguka chini ya meza ya mteja, naye akakiokota akanirudishia kama aliyeokota kifungo. Wenzangu wakamaliza wimbo bila mimi.

Tulipokuwa tunafunga vyombo Mwalimu akanijia, mikono nyuma.

"Shemeji," akasema, maana ananiita hivyo tangu zamani, "unaonaje ukipumzika kidogo? Kuna bwana mmoja wa saksafoni, ameniomba nafasi."

"Nipumzike mpaka lini?"

"Mpaka utakapopona."

"Na nikipona, huyo bwana utamtoa?"

Akaangalia viatu vyake. Nikajua. Nafasi ikishakaliwa imekaliwa. Nikamwambia wiki ijayo nitapiga saa zote mbili, dakika kwa dakika, na nikishindwa nitamkabidhi huyo bwana kiti changu kwa mikono yangu miwili. Mwalimu akakubali, shingo upande. Hesabu ilikuwa wazi, siku saba, na ndani ya siku hizo ama nipate njia ya kupiga bila kuumia, ama miaka yangu ishirini na miwili ya Jumapili iishe.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba kabla hajanijia mimi, Mwalimu alikuwa amemwuliza mume wangu. Nilimsikia kwa masikio yangu. Na mume wangu, baba wa wanangu, alijibu nini? "Muulize mwenyewe." Basi! Hakuna "mke wangu haendi popote", hakuna "thubutu". Kuanzia jioni ile nikawa namwekea chakula mezani kimyakimya na kuondoa sahani kimyakimya. Akiniuliza chumvi iko wapi, naionyesha kwa kidevu.

Jumatatu asubuhi nilikwenda kwa mtaalamu wa viungo. Dada mpole, vidole vyake vigumu kama koleo. Alinizungusha mkono huku na kule akaniambia bega halijaharibika, limechoka kuinuliwa. "Ama uache gitaa," akasema, "ama utafute gitaa ambalo kiwiko chako kitatulia chini na bega litakaa mahali pake." Nikatoka pale karibu nicheke. Kumbe jambo lenyewe ni nguo isiyokaa mwilini! Tatizo la nguo mimi linishinde?

Jumanne nikaenda dukani na wifi yangu, dada wa mume wangu. Yeye ni msusi, haujui muziki hata kidogo, lakini nikimwacha nyumbani ananuna. Duka la magitaa lilikuwa ghorofa ya pili juu ya duka la rangi, ngazi nyembamba, harufu ya vanishi. Mwenyewe ni bwana mwembamba wa makamo anayeitwa Kimya. Magitaa ya jazi yalikuwa kumi na moja, yametundikwa ukutani.

"Nataka la jazi, kifua kimebinuka, lakini ubavu uwe mwembamba," nikamwambia. "Bega langu bovu."

Kimya akafikiri. "Mama, kabla hujapima, ningependa kwanza ukae tuone..."

Mimi nilikwisha toa futi yangu mkobani. "Bwana," nikamkata kauli, "mimi nimepima watu miaka thelathini na moja, wanene kwa wembamba, wajawazito kwa mabwana harusi. Usinifundishe kupima."

Akarudi kwenye kiti chake nyuma ya meza akaendelea kusugua kitu kwa msasa, na habari ya kupima hakuigusa tena mpaka nilipomwuliza. Wifi akaninong'oneza, "Umemfukuza mwenye duka dukani mwake." Nikamwambia aninyamazie nipate kuhesabu.

Nikapima mbavu. Gitaa moja baada ya lingine, futi ikitoka mbele kwenda nyuma. Inchi tatu na robo. Tatu. Mbili na robo tatu. Lililotundikwa nyuma ya mlango lilikuwa mbili na nusu, rangi ya kijani ya mlango wa choo, nikalipita bila kulitazama mara mbili. La mwisho, lililokuwa juu kabisa, lilikuwa inchi mbili kamili. Jembamba, refu, rangi ya asali, vigingi vya kukazia nyuzi vinang'aa. Nikasema moyoni, mume wangu akiliona hili atajuta kunyamaza.

Nikakaa kwenye stuli ndefu ya dukani nikalipiga. Sauti si nene kama ya lile langu, lakini safi, kila uzi unasikika. Bega kimya. Nikampigia wifi mfululizo wa kodi nne tano.

"Hizo ni kodi za jazi," nikamweleza. "Vidole vinne, sauti nne kwa pamoja."

"Kodi?" wifi akashtuka. "Yaani hata huku mmefikiwa?"

Kimya alicheka, ila akageuka ukutani ili nisimwone. Nilipiga nyimbo mbili, dakika saba hivi, nikasema nimelipata. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Kaa nalo mpaka Jumamosi jioni. Likikukataa, lirudishe."

"Litanikataaje?" nikamjibu, na mimi huyo, nikashuka ngazi.

Jioni ile nikakaa kwenye kiti changu cha kazini, kile kifupi cha cherehani, nikaanza mazoezi. Dakika kumi, raha. Dakika ya kumi na tano nikahisi kitu kama uzi unavutwa ndani ya bega. Dakika ya ishirini na tano maumivu yale yale yalikuwa yamekaa mahali pale pale, yamejikunja kama paka. Nikasimama, nikakaa, nikafupisha mkanda, nikaurefusha. Mume wangu akachungulia mlangoni.

"Linaendaje?"

Nikamwonyesha kwa kidevu kwamba linaenda vizuri.

Jumatano vivyo hivyo. Alhamisi ikawa dakika ishirini tu. Sikuelewa. Ubavu ulikuwa mwembamba, nimepima mwenyewe, futi haisemi uongo! Nikaanza kumlaumu yule dada wa viungo, nikamlaumu fundi aliyelitengeneza lile gitaa, nikailaumu hata hali ya hewa. Alhamisi mchana nikakata kitambaa cha mteja upande wa nyuma ukawa mbele, kosa ambalo sijalifanya tangu nikiwa mwanagenzi. Nikaketi sakafuni katikati ya vipande, nikalia. Nasema ukweli. Nililia kwa sababu niliogopa. Kushona kunanilisha, lakini pale Jumapili, wimbo ukikolea na Kishindo akianza kutabasamu peke yake, ndipo mimi najiona ni mtu, si mkono wa kupinda pindo za wengine.

Mume wangu akanikuta hivyo. Akakaa sakafuni na yeye, magoti yake yakilia.

"Mbona ulimwambia Mwalimu aniulize mwenyewe?" nikamwuliza. Yalikuwa maneno yangu ya kwanza kwake kwa siku nne.

Akanitazama kwa mshangao. "Sasa ningejibu mimi? Ningesema unaendelea, ungeniuliza nani amenipa ruhusa ya kukusemea bega. Ningesema upumzike, leo ningekuwa marehemu. Nimekaa na wewe miaka thelathini na tatu, mama."

Nikajikuta nacheka na kamasi puani. Ni kweli, ningemmeza mzima.

"Ila hili nilimwambia," akaongeza, "na hukulisikia kwa kuwa ulishaondoka kwa hasira. Nilimwambia wewe ukitoka, besi nayo inabaki nyumbani."

"Mjinga wewe," nikamwambia. Nilikuwa na furaha, na papo hapo mzigo ukawa mara mbili, maana sasa kushindwa kwangu kungemtoa na yeye.

Ijumaa asubuhi wifi akaja kupimwa sketi. Alitaka ya kuvaa Jumapili, aje atuone. Nilikuwa sina moyo wa kazi, lakini wifi ni wifi, ukimwambia njoo kesho anakwenda kuwaambia ukoo mzima. Nikamzungushia futi kiunoni, nikaandika. Nikavua miwani, nikaanza kuikunja futi.

"We!" akasema. "Na hipsi?"

"Nini?"

"Hipsi, wifi! Mimi kiuno changu cha msichana, kila mtu anakisifu, lakini huku chini unakujua. Ukinishonea kwa kipimo cha kiuno peke yake nitakwama hapa kwenye mapaja, nije mgahawani nimevaa blauzi tu."

Nikaacha kuikunja futi.

"Hipsi," nikasema.

"Ndiyo, hipsi. Mbona unanitazama hivyo? Nimenenepa?"

Nikakimbilia gitaa, nikalilaza juu ya meza ya kukatia. Gitaa nalo lina kiuno pale linapobonyea, na chini ya kiuno linatanuka. Nikapima pale penye upana zaidi, ng'ambo hadi ng'ambo. Inchi kumi na saba. Nikalitoa gitaa la zamani kabatini, nikapima. Kumi na saba! Nikakaa nalo jembamba nikajitazama kwenye kioo, kwa mara ya kwanza wiki nzima nikajitazama kama ninavyomtazama mteja. Ubavu ulikuwa umepungua, sawa, lakini mkono wangu mfupi ulikuwa bado unapanda mlima ule ule wa nyonga kabla ya kuzifikia nyuzi, kiwiko kimesukumwa nje, na bega limeinuka vilevile. Kule dukani nilikuwa nimekaa kwenye stuli ndefu, paja limeteremka na gitaa nalo likashuka, ndiyo maana sikulihisi. Kwenye kiti kifupi goti linapanda, na gitaa linapanda nalo.

Mganga hajigangi. Fundi wa sketi, miaka thelathini na moja, nimepima ubavu nikasahau hipsi! Mwanagenzi wangu angefanya hivyo ningemfukuza hadi barabarani na chaki yake. Nikacheka mpaka wifi akanishika mkono akidhani nimepagawa.

"Wifi," nikamwambia, "Mungu akuzidishie."

"Wapi tena?" akasema. "Nikizidishiwa zaidi ya hapa sipiti mlangoni."

Jumamosi nikafunga chumba cha kushonea, nikalibeba gitaa jembamba mgongoni na kile kiti changu kifupi kichwani. Watu barabarani walikuwa wakinipisha. Mmoja akaniuliza kama nahama, nikamjibu nahama kutoka kwenye ujinga, akacheka bila kuelewa.

Kimya alikuwa mahali pake, na msasa wake. Nikaweka kiti chini, nikapumua. Kuomba radhi mimi nakuweza kama paka anavyoweza kuogelea. Nikalitoa neno tu, zima zima, kama mtu anayemeza dawa chungu.

"Bwana, siku ile ulitaka kunieleza kitu nikakuziba mdomo. Nisamehe. Ulitaka kusema nini?"

"Kwamba ubavu mwembamba peke yake hautoshi," akasema. "Kwamba una mkono mfupi, na lile ni pana chini. Ulinikataza nisikufundishe kupima."

"Mdomo uliponza kichwa."

"Na bega," akasema Kimya.

Kumbe mtu mwenyewe ana utani. Nikampenda palepale. Nikaanza upya, kuanzia la kwanza hadi la kumi na moja, na safari hii nikapima ubavu, kiuno na hipsi, nikiandika kwenye daftari langu kama ninavyowaandika wateja. Kimya akanishikia ncha ya pili ya futi. Magitaa tisa yakashindwa. Yakabaki mawili, na moja la hayo lilikuwa na gogo zima la mbao katikati ya tumbo, ili lisivume kwenye spika. Hipsi zake zilikuwa nzuri, lakini nilipolipakata mkanda ulinikata bega utadhani nimebeba gunia. Nikalirudisha.

Likabaki lile la kijani.

"Hilo lina miaka minne nyuma ya mlango," akasema Kimya. "Watu wanaingia, wanaona rangi, wanatoka."

Ubavu inchi mbili na nusu, mnene zaidi ya lile la asali kwa nusu inchi. Hipsi inchi kumi na nne na nusu. Ndani tupu, jepesi, ukiliinua unadhani umesahau kuinua kitu. Nikakaa kwenye kiti changu mwenyewe, kifupi, goti juu, kama ninavyokaa mgahawani. Kiwiko kikashuka. Kikatulia pembeni mwa gitaa, mkono ukaangukia kwenye nyuzi bila kutafuta njia. Nikaiachia shingo ya gitaa nione kama itainama, haikuinama.

Sikusema nimelipata. Nilikwisha jifunza adabu. Nikamwomba Kimya aniwekee saa ya ukutani mbele yangu, nikapiga saa nzima. Taratibu, haraka, kodi za juu shingoni, za chini, zile za kunyoosha kidole cha mwisho mpaka kitetemeke. Yeye akaendelea na msasa wake. Mteja mmoja akaingia, akalitazama gitaa, akanitazama mimi, akasema, "Sauti tamu, lakini rangi hiyo mama!" Nikamwambia mimi napiga nyuzi, sipigi rangi. Saa ilipotimia bega lilikuwa na joto tu, joto la kazi. Nikaacha lile la asali, nikaondoka na la kijani.

Jumapili saa nane na nusu tulikuwa tumeshafika mgahawani. Mume wangu alipoliona gitaa juani alisema, "Ee Mungu," kisha akasema ni zuri, akijirudi haraka. Kishindo aliuliza kama limeiva au bado. Na pale meza ya mbele alikuwa amekaa bwana mmoja nadhifu, kikombe cha chai mbele yake, mfuko mrefu mweusi katikati ya miguu yake. Saksafoni. Mwalimu alikuwa amemwalika aje, "kwa tahadhari tu, shemeji".

Tukaanza, na balaa nalo likaanza. Gitaa tupu likiwa karibu na spika linaitikia sauti yake lenyewe; la zamani nilikwisha jua kulituliza, hili bado, na wimbo wa pili haukufika nusu likaanza kuvuma, vuuu, kama jini kwenye mtungi. Wateja wakaweka vikombe chini. Nikapunguza sauti, nikawa sisikiki. Nikaongeza, vuuu. Mwalimu akanitazama juu ya miwani, yule bwana wa meza ya mbele akaushika mfuko wake. Nikamwambia mume wangu, "Shikilia wimbo hapo hapo, usiuache." Akaubeba, besi peke yake na ngoma. Mimi nikafungua mkoba, nikatoa vipande vya bitana, kile kitambaa cha ndani, vilivyobaki kwenye sketi ya wifi, vya waridi, nikavisokomeza kwenye yale matundu mawili, huku na kule, nikikaza kwa kidole kama ninayejaza mto. Nikapiga kodi moja kubwa. Mvumo umekatika. Sauti safi, kavu, iliyosimama.

"Ni kitambaa changu hicho!" wifi akapaza sauti kutoka meza ya nyuma, na mgahawa mzima ukacheka.

Nikaanza kupiga. Saa ya kwanza nilikuwa nalichunga bega kama mtu anavyomchunga mgeni asiyemwamini. Kila wimbo ukiisha nalisikiliza, nangoja. Saa kumi ikapita, kumi na nusu ikapita, zikabaki dakika chache tufunge. Ndipo Mwalimu akaanzisha wimbo mmoja wa mwendo wa kasi, ambao katikati yake zamani palikuwa na mahali pangu pa kupiga peke yangu, na miaka miwili sasa alikuwa akipachukua yeye kwa piano ili kunisitiri. Tukafika pale. Akainua mikono kuanza, akaniona namtazama. Akaishusha mikono yake mapajani.

Basi niliingia. Sikumbuki vizuri nilipiga nini. Nakumbuka vidole vilipanda shingoni kabisa, mahali ambapo havijafika siku nyingi, na Kishindo akaanza kutabasamu peke yake, na mume wangu akasogea karibu mpaka mkono wa shati lake ukagusa kiti changu. Nilipaswa kumaliza baada ya mzunguko mmoja. Nikazunguka mara tano. Nilikuwa na furaha ya kijinga, ya kitoto, furaha ya kutaka kumwambia mtu.

Kelele za watu ndizo zilizonishtua. Saa ya ukutani ilikuwa saa kumi na moja na dakika sita. Tulikuwa tumepitiliza, na Mwalimu, mtu wa hesabu, hakuwa amehesabu. Yule bwana wa saksafoni akainuka, akaja mbele na mfuko wake, nikakaza meno. Hakwenda kwa Mwalimu. Alikuja kwangu.

"Mama," akasema, "kwa ruhusa yako, naomba wimbo mmoja tu pamoja nanyi. Kiti chako siwezi kukikalia, na sikitaki. Nitasimama."

Mwalimu akajifanya anapanga karatasi. Nikamwambia yule bwana asimame pale karibu na besi, tukapiga wimbo mmoja, ukawa mitatu. Mgahawa ulikuwa unafungwa na hakuna aliyetaka kuinuka.

Tulipomaliza wifi akapita katikati ya meza na sketi yake mpya, imemkaa vizuri juu na chini, akanikumbatia na gitaa langu pamoja.

"Pole na kazi, wifi yangu. Sasa niambie kweli, bega linaendeleaje?"

"Bega gani?" nikamwuliza, na wallahi sikuwa namtania.